Kongwa: karanga, matrekta na swali ambalo halikuulizwa

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo moja lilinikaa kooni na nilikuwa natafuta namna ya kulitoa bila kumvunjia mtu heshima. Njia yenyewe nimeipata Kongwa, mahali ambapo sikupatarajia kabisa. Kwa hiyo leo tuna somo la historia, lakini vumilieni, mwishoni tutarudi mjini.

Nianze na kilichotokea kazini. Sitataja ni chumba gani cha habari, na wanaojua wajue kimya kimya. Jumatatu moja tuliingia ofisini tukakuta mfumo mpya wa kompyuta wa kupokea habari, kuzihariri na kupanga kurasa. Madawati yote kwa siku moja: siasa, michezo, biashara, mikoani, picha. Wiki moja kabla tulikuwa tumeitwa mkutanoni, tukaonyeshwa slaidi za rangi rangi, tukanywa chai na sambusa, tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu. Tena ni mimi niliyeandika ile taarifa ya nusu ukurasa ya kuusifia mfumo kabla hata haujawashwa.

Kufika Jumatano hali ilikuwa mbaya. Habari za mikoani haziingii, kwa sababu mfumo unataka intaneti ya kasi ambayo mwandishi wetu wa wilayani hana. Picha zinakuja bila maelezo, hujui nani ni waziri na nani ni dereva wake. Siku tatu mfululizo gazeti likachelewa kiwandani, na mabasi ya mikoani yakaondoka bila gazeti. Ikabidi apatikane mwenye makosa. Akapatikana dada mmoja wa usanifu wa kurasa, mtu wa miaka mingi kazini, aliyenifundisha mimi hata namna ya kuandika kichwa cha habari kikatosha kwenye safu. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Ni dada huyo huyo aliyesimama kwenye ule mkutano wa sambusa akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini tusianze na dawati la michezo kwanza, wiki mbili tu, tuone?" Akajibiwa kwamba wakati hautusubiri. Hakuna aliyemuunga mkono. Na mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Haya, twende Kongwa.

Nilikuwa Dodoma kikazi, mambo ya Bunge. Jumamosi ikawa yangu. Wenzangu walikwenda kula nyama choma, mimi nikapanda basi dogo kuelekea mashariki kwa barabara ya Morogoro, nikashuka Mbande, nikaunganisha gari la Kongwa. Kwa wasiopajua, huku ni Ugogo. Nchi ya mibuyu, ng'ombe, mtama na uwele, ambako mvua inakuja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine inachungulia tu na kuondoka. Watu wa huku wana kumbukumbu ndefu ya njaa. Ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1917 na 1920, waliipa jina lake kabisa, Mtunya, na wazee bado wanalitaja.

Sasa hapa, kwenye nchi hii, ndipo Waingereza waliamua kulima karanga za kulisha Uingereza nzima.

Shuleni wengi wetu tulipewa mistari miwili tu kuhusu mradi wa karanga: ulianza 1947, ukashindwa. Basi. Nadhani tulinyimwa sehemu tamu ya kisa hiki, kwa sababu kushindwa kwenyewe si habari. Miradi mingi hushindwa. Habari ni jinsi ulivyoanza.

Mwaka 1946 vita ilikuwa imeisha lakini Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgao. Mafuta ya kula yalikuwa adimu dunia nzima. Mwezi Machi mwaka huo bwana mmoja anaitwa Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akapata wazo: Tanganyika ina pori kubwa, tulifyeke kwa mashine tupande karanga. Serikali ya chama cha Labour ikalipenda. Waziri wa Chakula, John Strachey, akalipenda zaidi.

Ikatumwa timu ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika. Walikaa wiki tisa. Wiki tisa tu! Wakizunguka kwa ndege, treni na gari. Waliporudi walileta mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, zimegawanywa katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Gharama: takribani pauni milioni 24. Kuvuna: laki kadhaa za tani kila mwaka.

Naomba usome tena hizo namba. Shamba moja ekari 30,000, na wanataka 107. Hakuna popote ambapo walikuwa wamelima shamba moja la namna hiyo na kuona linakwendaje.

Si kwamba hakuna aliyefikiria kuanza kidogo. Hoja ya kuwa na shamba la majaribio kwanza ilikuwepo, ikawekwa kando. Sababu? Njaa ya mafuta haisubiri. Ukianza na jaribio la miaka miwili umepoteza miaka miwili. Nilipokuwa nasoma hapo nilicheka peke yangu kwa uchungu, maana nilisikia sauti ya yule bosi wetu wa slaidi. Wakati hautusubiri.

Mapema mwaka 1947 msafara wa kwanza ukafika Kongwa. Matrekta mapya hayakutosha, kwa hiyo wakanunua mitumba ya jeshi iliyobaki baada ya vita, mengine kutoka mbali kabisa Ufilipino. Baadaye vifaru vya vita aina ya Sherman vikageuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati kwenda Kongwa. Vijana wa Kiingereza waliotoka jeshini wakajiandikisha kwa wingi kuja huku. Vijana wetu nao wakaja kutafuta kibarua, na wengine ambao hawajawahi kugusa usukani wakafundishwa haraka haraka kuendesha mashine za tani kadhaa.

Halafu Kongwa ikaanza kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Kwanza pori. Ukilitazama kutoka angani unaona vichaka tu. Ukiwa chini unakuta mizizi imesukana kiasi kwamba tingatinga linaangusha mti lakini mzizi unabaki unacheka. Mibuyu ilikuwa na nyuki ndani, na nyuki hawakuwa wamesoma ule mpango. Wafanyakazi waliumwa vibaya.

Pili mashine. Mitumba ile ilikuwa imechoka kabla haijafika. Vipuri hakuna, mafundi wachache, karakana hazijakamilika. Kufika mwishoni mwa 1947 sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama.

Tatu, na hili ndilo kubwa, udongo. Karanga inazaa chini ya ardhi. Lazima uichimbe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Ukilowa unalimika, ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji. Na ndani yake mna chembe kali za mchanga zinazokula chuma cha jembe kama msasa. Kwa hiyo karanga ikikomaa na mvua ikikatika, imefungiwa humo humo.

Nne, mvua yenyewe. Mmeshaelewa.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1948 likaundwa shirika la umma, Overseas Food Corporation, likachukua mradi kutoka kwa kampuni. Bado karanga hazikuja. Mpaka mwisho wa kisa, mbegu zilizonunuliwa zilikuwa nyingi kuliko karanga zilizovunwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikakubali yaishe, na karibu pauni milioni 36 za walipa kodi zikafutwa vitabuni.

Kongwa nilikutana na mzee mmoja nje ya duka, amekaa kwenye benchi na bakora yake. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi." Akacheka, akaitikia, akanisogezea nafasi. Baba yake alikuwa kibarua wa Wazungu wa karanga. Tulizungumza mambo mengi, ya ng'ombe na ya wajukuu walioko Dar wasiopiga simu. Halafu nikamuuliza swali la kijinga la mwandishi wa habari: "Babu, nyie huku mkiletewa mbegu mpya mnafanyaje?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa maji yanakunywewaje.

"Unapanda pembeni, mjukuu wangu. Mistari michache. Mbegu unayoijua inakaa katikati ya shamba. Mwaka ukipita unaona kama hiyo ngeni ina adabu au haina. Ikikosa adabu, umepoteza mistari michache. Watoto wanakula ile ya katikati."

Jamani. Nimesoma makabrasha mangapi kuhusu mradi wa karanga? Hakuna lililonieleza vizuri kama hilo. Waingereza walipanda mbegu ngeni katikati ya shamba.

Na kinachochekesha zaidi, hapo jirani tu, Mpwapwa, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani, ambako kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakivumilia kupandisha ng'ombe kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Kwa hiyo wazo la kujaribu kwanza halikuwa geni kwa wakoloni wenyewe. Lilikuwa mlango wa pili.

Hebu tupige hesabu ya mtaani. Chukua ekari 500 pale Kongwa. Matrekta kumi, mafundi wawili, misimu miwili ya mvua. Msimu wa kwanza ungekuonyesha mizizi, nyuki na vipuri. Mwezi wa kuvuna ungekuonyesha udongo. Msimu wa pili ungekuonyesha kwamba mvua ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu. Ungetumia pesa kidogo sana ukilinganisha na hizo milioni 36. Na ule muda wa miaka miwili waliogopa kuupoteza? Waliupoteza, na mingine miwili juu yake.

Ila nisiwe mtu wa kuwacheka wafu. Najaribu kujiweka mahali pao. Watu kwao wanapanga foleni kwa ajili ya siagi, gazeti linapiga kelele kila siku, na wewe waziri una wazo linaloonekana litamaliza tatizo. Nani atakupongeza ukisema tutaanza na ekari 500? Waswahili wenyewe tunasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ni kweli. Lakini hao hao Waswahili wakasema haraka haraka haina baraka. Tunazo methali zote mbili mfukoni, na bosi siku zote anatoa ile inayomfaa.

Kuna jambo moja kuhusu mwisho wa mradi ambalo sikulijua mpaka majuzi. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza haikufunga kila kitu. Iliamua kwamba kazi itakayobaki iwe ya majaribio: mashamba machache, kupima kama kilimo cha mashine kinalipa katika nchi hii, na Kongwa kugeukia zaidi ufugaji. Katikati ya miaka ya 1950 kazi hiyo ikakabidhiwa kwa Tanganyika Agricultural Corporation. Umeona hapo? Jaribio lilikuja. Lilikuja mwishoni, baada ya mazishi. Na jibu lake la ng'ombe limedumu, maana ranchi ya Kongwa ipo hadi leo.

(Baada ya hapo, kuanzia 1964, Kongwa ikawa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO, SWAPO, ANC na wengine. Hiyo ni habari ya siku nyingine, naahidi.)

Jioni nikapanda gari kurudi Dodoma mjini. Ukitoka Mbande unapita Chamwino, wengi mnaijua kwa sababu ya Ikulu. Mimi nilikuwa naitazama kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimekumbuka kwamba wilaya hii imo kwenye kisa kinachofanana na cha Kongwa, ila kimegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Mnaifahamu TASAF. Leo kila mtu ana maoni yake kuhusu zile fedha za kaya maskini. Lakini kabla hazijasambaa nchi nzima zilijaribiwa katika wilaya tatu tu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vikachaguliwa. Kwa bahati nasibu, 40 vikaanza na 40 vikasubiri, ili kuwe na cha kulinganisha. Malipo ya kwanza yakatolewa Januari 2010, na kamati za vijiji wenyewe ndizo zilizosimamia.

Wakati ule maswali yalikuwa makali, na ya haki. Watu watanywea pombe? Watadekezwa waache kazi? Kamati zitapeana zenyewe kwa wenyewe? Ukikaa mezani Dar es Salaam unaweza kubishana juu ya hayo mpaka kuche. Wao wakaenda kuangalia. Tathmini ikaonyesha kaya zilizopokea ziliwanunulia watoto viatu, zilijiunga na bima ya afya ya jamii, zilinunua mifugo kama kuku na mbuzi, na watoto wadogo waliugua siku chache zaidi kuliko wenzao wa vijiji vilivyosubiri. Kulikuwa pia na mambo ambayo hayakubadilika kama ilivyotarajiwa, nayo yakaandikwa. Baada ya hapo, kuanzia 2012, mpango ukapanuliwa nchini, ukaja kufikia kaya zaidi ya milioni moja.

Sisemi TASAF haina matatizo. Nimeshaandika habari za malalamiko yake mwenyewe. Ninachosema ni kwamba hapa swali liliulizwa kwanza, katika mkoa ule ule ambao miaka sitini na kitu nyuma halikuulizwa.

Usiku ule nikakaribishwa chakula na rafiki yangu ambaye ni muuguzi. Nikamsimulia yote, ya Kongwa na ya ofisini kwangu, tukiwa tunakula ugali wa uwele kwa mlenda. (Usicheke mlenda wa Dodoma kama hujaula.) Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Wewe huijui habari ya S tano?"

Nikasema naisikia sikia.

Akanipa darasa. S tano ni utaratibu uliotoka viwandani Japani, wa kupanga mahali pa kazi. Kwa Kiswahili cha hospitali zetu ni Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Yaani toa visivyohitajika, kila kitu kiwe mahali pake, safisha, weka utaratibu mmoja kwa wote, halafu usiache. Hospitali moja ya akina mama huko Colombo, Sri Lanka, iliuchukua na kubadilika sana. Kupitia ushirikiano na Wajapani wa JICA nchi kadhaa za Afrika zikaamua kuujaribu. Tanzania haikuanza na hospitali zote. Mwaka 2007 ilianza na moja, Hospitali ya Rufaa Mbeya. Wizara ya Afya ilianza kuusambaza kwenye hospitali nyingine baada ya kuona Mbeya.

Lakini lililonishika ni hili. Hata ndani ya hospitali moja hawaanzi kote. Wanachagua sehemu chache za mfano. Labda stoo ya dawa, labda chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Hapo ndipo watu wanapanga, wanakosea, wanarekebisha. Wa wodi nyingine wanapita wanaona. Faili la mgonjwa lililokuwa linatafutwa hadi mgonjwa anakata tamaa, sasa linapatikana upesi. Wenyewe wanaanza kuuliza, "Na kwetu lini?"

Nikamuuliza rafiki yangu kuna ubaya gani wa kuanza kidogo, maana sipendi kitu kinachosifiwa tu. Akafikiri. Akasema ubaya upo. Sehemu ya mfano inapendelewa. Inapewa kabati mpya, inapewa wageni, inapigwa picha, na watu wakiangaliwa wanafanya kazi vizuri. Ukipeleka kitu hicho hicho kwenye wodi iliyosahaulika, bila kabati na bila mgeni, kinakufa mwezi wa tatu.

Baadaye nilisoma nikakuta ana wenzake wa zamani sana. Huko Marekani, kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kati ya 1924 na 1932 watafiti walibadilisha mwanga, mapumziko na saa za kazi ili waone uzalishaji utakuwaje. Ukapanda, na mara nyingine ulipanda hata waliporudisha mambo yalivyokuwa. Watu wamebishana hadi leo maana yake ni nini, lakini somo moja wengi wanalikubali: mfanyakazi anayejua anatazamwa na kuulizwa maoni yake si mfanyakazi yule yule wa jana. Kwa hiyo jaribio dogo linaweza kukudanganya kama umelipamba. Dawa yake ni kulifanya kwenye mazingira ya kawaida, tena ikiwezekana mahali pagumu. Waingereza wangejaribu kwenye kipande cha ardhi nzuri kilichomwagiliwa maji, wangepata karanga tele, na wangeangamia vile vile.

Basi nikalala nikiwaza. Nilikuwa nadhani jaribio dogo ni mambo ya tahadhari, ya watu waoga. Kongwa imenibadilisha. Jaribio dogo ni swali. Na anayeuliza swali lazima awe tayari kusikia jibu la hapana. Nadhani ndiyo maana wakubwa hawalipendi. Si muda wanaouogopa. Ukishatangaza ekari milioni 3 mbele ya Bunge, hutaki udongo ukujibu. Ukishaonyesha slaidi mbele ya wafanyakazi wote, hutaki dawati la michezo likwambie intaneti haitoshi.

Na jaribio lina faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya uongozi. Linawalinda wadogo. Kitu kikishindwa kwenye dawati moja, wakati kila mtu anajua ni jaribio, kinachoshindwa ni kitu. Kikishindwa kwenye kampuni nzima baada ya makofi, lazima ashindwe mtu, na kwa kawaida si mtu wa ghorofa ya juu.

Kwenye kisa cha karanga kuna mtu mmoja ambaye namfikiria sana, kwa sababu alikuwa wa fani yangu. Anaitwa Alan Wood. Alikuwa msimamizi wa habari wa lile shirika la karanga. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu mambo yanakwenda vizuri. Akajiuzulu, na mwaka 1950 akachapisha kitabu kuhusu mradi mzima. Alichelewa, mradi ulikuwa tayari umeoza. Lakini alisema.

Mimi niliandika nusu ukurasa wa sifa, na sikusema.

Niliporudi Dar nilimpigia simu yule dada. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sikutaka uniunge mkono. Nilitaka tujaribu tu." Sasa anafanya kazi za usanifu kwake nyumbani, kadi za harusi na vitabu vya shule. Anasema hali si mbaya. Sijui kama alisema hivyo ili nilale vizuri.

Wiki ijayo tuna mkutano mwingine. Kuna zamu mpya zinakuja, usiku na mchana, ofisi nzima, kuanzia tarehe moja. Slaidi zimeshaandaliwa, nimeziona. Safari hii nimeandika karatasi ya ukurasa mmoja. Haina maneno makubwa. Inasema tuanze na dawati moja kwa mwezi mmoja, na lisiwe la biashara lenye watu wengi na kompyuta mpya, liwe la mikoani. Tuandike kabla ya kuanza ni kitu gani kitatufanya tuseme zamu hizi zimefaa, na kitu gani kitatufanya tuseme hazifai. Na mwezi ukiisha waulizwe kwanza wale waliokesha, ndipo waongee wakubwa.

Sijui nitajibiwa nini. Pengine nitaambiwa wakati hautusubiri. Lakini nitakuwa nimesimama, na sauti yangu haitakuwa ya chini.

Na wewe huko kwako, ofisini, shuleni, dukani: mbegu ngeni mmeipanda pembeni au katikati?

Tuonane wiki ijayo, nikiwa bado na kazi.